Burito za Mission, San Francisco: La Taqueria, El Farolito, Cancún au Papalote?

Sufuria_Kuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, swali la "nikifika San Francisco nile burito wapi" linarudi kila mara na majibu yametawanyika. Tuyaweke hapa. Nazungumzia mtaa wa Mission tu, kuanzia barabara ya 16 mpaka ya 25, maana ndiko burito ya namna hii ilikozaliwa. Treni ya BART ina vituo viwili hapo, 16th St Mission na 24th St Mission, na sehemu zote nitakazotaja unazifikia kwa miguu kutoka kimoja kati ya hivyo.

Kinacholinganishwa ni hiki: tortila ya ngano (chapati nyembamba ya Kimeksiko) yenye upana wa sentimita 30 au zaidi, ndani wali, maharage, nyama na salsa, nje foili. Ukisema "super" unaongezewa jibini, krimu chachu, na parachichi au guakamole (parachichi la kupondwa). Super inafika nusu kilo bila shida. Kama hujashinda na njaa, gawaneni wawili.

La Taqueria (makutano ya barabara za Mission na 25, ipo tangu 1973). Haiweki wali. Nafasi yake inachukuliwa na nyama na maharage ya pinto, kwa hiyo ladha ya nyama iko mbele, na bei iko juu kuliko majirani. Mwaka 2014 tovuti ya FiveThirtyEight ilishindanisha burito 64 za Marekani nzima na hii ikashinda. Mwaka 2017 ikapata tuzo ya migahawa ya James Beard, ile ya America's Classics. Foleni unayoiona mlangoni imetokana na hayo pia. Agiza "dorado": burito ikishafungwa inarudishwa kwenye bamba la moto mpaka ngozi iwe ya dhahabu na ikwaruze ukiipitishia kidole. Kasoro yake ni kwamba hakuna wali wa kunyonya mchuzi. Robo ya mwisho inaloa.

El Farolito (Mission na 24). Kubwa, nzito, na wako wazi mpaka usiku wa manane, wakati wengi wameshafunga. Tortila inapashwa kwenye bamba, haipitii mvuke, kwa hiyo ina madoa ya kuungua kidogo na inahimili mzigo. Tatizo ni mpangilio: siku za foleni ndefu viungo vinamwagwa kwa mafungu, unakuta tonge zima ni krimu na linalofuata ni wali mtupu.

Cancún (Mission na 19). Nao wanapasha kwenye bamba. Wanaweka vipande vya parachichi badala ya guakamole, na hapo ndipo wanapowashinda wengine kwenye burito isiyo na nyama.

Papalote (barabara ya 24, karibu na Valencia). Salsa yao ya nyanya za kuchoma ndiyo inayopeleka watu pale. Burito ni ya kiasi, haikulazi.

Chaguo langu: nyama, La Taqueria dorado. Usiku, El Farolito. Bila nyama, Cancún.

Bamba_la_Moto

Mkuu umegusa penyewe, ila kwenye dorado ongeza onyo. Dorado ni ya kula palepale. Ukiifunga foili ukaibeba, mvuke wa ndani unakosa pa kutokea, unarudi kwenye ngozi, na baada ya dakika kumi una burito ya kawaida uliyoisubiri muda mrefu zaidi. Kama lazima ubebe, fungua foili upande wa juu ipumue.

Halafu kuloa si kosa la kukosa wali peke yake. Kuna mambo matatu: maharage yaliyochotwa na mchuzi wake, kachumbari ya pico de gallo isiyochujwa, na nyama iliyokaa kwenye trei ya mvuke hadi ikatoa maji. Msimamie anayefunga. Kama anatumia kijiko chenye matundu na anakitikisa pembeni ya chombo, umepona. Kama anachota kwa upawa, muombe achuje. Hakuna atakayekushangaa.

mtoto_wa_Magomeni

Sikubaliani na burito bila wali. Bila wali ni mkate wa nyama. Wali wa Kimeksiko unakaangwa kwanza kwenye mafuta hadi ubadilike rangi, ndipo unapikwa na nyanya, kitunguu na vitunguu saumu. Ukipikwa vizuri kila punje inasimama peke yake, na ndiyo inayoshika mafuta ya nyama na ukali wa salsa. Kosa ni kipimo. Wali ukizidi robo ya ujazo, unalipia nyama unakula wali. Pale El Farolito sema "poco arroz" (wali kidogo) wakati anachota, usisubiri ashafika kwenye salsa.

Sufuria_Kuu

Robo nakubali. Kinachonikera ni wali wa mwisho wa sufuria, umekauka, unadondoka kila ukiuma. Saa tisa au kumi alasiri, kati ya chakula cha mchana na cha jioni, ndio wakati wa kuukuta huo.

Binti_Forodhani

Assalaam aleikum. Ndugu zangu mmeeleza vizuri lakini mmeruka jambo kubwa. Sisi tusiokula nguruwe tunaagiza nini? Mbao za menyu zimejaa Kihispania.

Kisu_na_Ubao

Waaleikum salaam dada. Hili linahitaji maelezo, kwa sababu nguruwe anajificha sehemu ambazo hazijaandikwa.

Vilivyo wazi kwanza. *Carnitas* ni nguruwe aliyepikwa polepole ndani ya mafuta. *Al pastor* ni nguruwe aliyelowekwa kwenye pilipili nyekundu. Usidanganywe na mkuki unaozunguka, ufundi huo ulifika Mexico na wahamiaji wa Kilebanoni na ni ukoo mmoja na shawarma, ila nyama ilibadilika njiani. *Chorizo* na *chicharrón* pia nguruwe. *Carne asada* ni ng'ombe wa kuchoma, *pollo* kuku, *lengua* ulimi wa ng'ombe, *camarones* kamba, *pescado* samaki.

Sasa vilivyojificha. Maharage ya kupondwa, *refritos*, kwa mapishi ya asili yanakaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Wengine siku hizi wanatumia mafuta ya mimea, wengine hawajabadilika, na kwa macho huwezi kutofautisha. Tortila ya ngano nayo inaweza kuwa na mafuta hayohayo kwenye unga. Uliza hivi: "¿Los frijoles llevan manteca?" na "¿La tortilla lleva manteca?" Manteca ndiyo mafuta ya nguruwe, *mantequilla* ni siagi, usichanganye. Maharage meusi na ya pinto ya kuchemsha huwa na nafuu, ila uliza hata hayo, maana sufuria inaweza kuwa na kipande cha nyama.

Jambo la tatu ndilo linalosahaulika: bamba. Pale tortila inapopashwa kwenye bamba, mara nyingi ndipo nyama zinapopita, na kisu na ubao wa kukatia ni vilevile. Kwa hiyo sifa mlizompa Cancún na El Farolito, kwa dada yetu ni hasara. Omba tortila ipite kwenye mashine ya mvuke kama ipo, na dorado achana nayo kabisa.

Na ng'ombe au kuku si halali ya kuchinjwa mpaka mwenye duka aseme hivyo na uone cheti. Anayeshika sana aagize hivi: tortila ya mvuke, maharage ambayo ameshauliza, parachichi, jibini, salsa. Wali pia uliza, wengine wanaupikia supu ya kuku. Anayekula kamba, Pancho Villa pale barabara ya 16 wanao, na meza yao ya salsa ni pana kuliko zote nilizoziona Mission.

Binti_Forodhani

Shukran sana kaka. Hilo la bamba sikuwa nalo kichwani hata kidogo.

Upawa_Mrefu

Naongeza kwa wanaokula vyote. Mtu aliyekulia kwenye supu ya utumbo na kichwa asiishie kwenye carne asada. *Cabeza* ni nyama ya kichwa, laini, ina mafuta. *Lengua* ikipikwa sawa inakatika bila kutafunwa sana. *Tripa* ni utumbo. Tripa ina masharti: sema "bien dorada", ikaangwe mpaka ikauke. Ikiwa laini ndani ya burito inatafunika kama mpira, na mvuto wake unapotea kabisa chini ya wali na krimu. Mimi tripa naiweka kwenye taco (tortila ndogo ya kukunja), siyo kwenye burito. Cabeza kwenye burito iende bila krimu, mafuta yanatosha.

Carne asada ndiyo inayoharibika upesi kuliko zote. Inakatwa vipande vidogo, ikikaa kwenye trei inageuka kijivu na kukauka. Angalia bamba: kama hakuna nyama inayochomwa muda huo, chagua kitu kilichopikwa kwa kuchemshwa au kwa mafuta. Hivyo vinavumilia kukaa.

mtoto_wa_Magomeni

Nani aliianzisha burito hii ya Mission lakini? Kuna mabishano kuhusu El Faro na La Cumbre.

Kisu_na_Ubao

Kila mmoja anadai. El Faro, pembe ya Folsom na 20, wanasema waliuza ya kwanza Septemba 1961, wateja wakiwa wazima moto. La Cumbre ya barabara ya Valencia wanasema yao ni Septemba 1969. Hakuna hakimu. La uhakika ni kwamba Steve Ells alifanya kazi ya upishi San Francisco, akaziona burito hizi za Mission, akaenda kufungua mgahawa wa kwanza wa Chipotle, ule msururu wa maduka ya burito, Denver mwaka 1993. Ndiyo maana mtu aliyezoea Chipotle akifika Mission haoni kigeni kwenye utaratibu wa foleni. Tofauti ataiona kwenye mkono wa anayefunga.

Bamba_la_Moto

Na kufunga ndiko kunakotenganisha duka na duka. Tazama hatua hizi: tortila ipashwe hadi ijikunje bila kuchanika (tortila baridi inapasuka kwenye mkunjo, na hakuna foili itakayoiokoa). Jibini liende moja kwa moja juu ya tortila ya moto liyeyuke, lishike kama gundi. Kisha wali na maharage, nyama juu yake, vya baridi mwisho, vyote vikiwa mstari mmoja mrefu, si rundo katikati. Pembe mbili zinakunjwa ndani, upande wa karibu unapita juu na kuvutwa nyuma kwa nguvu, ndipo inaviringishwa. Asiyevuta nyuma anaacha hewa ndani, na ukiuma mara mbili kila kitu kinahama kwenda upande mmoja.

Foili usiivue yote. Ichane kwa kuzungusha, sentimita tatu tatu, burito ikiwa imesimama. Ile ya chini ndiyo bakuli lako la mchuzi.

jikoni_Oakland

Wakuu, nikibeba nusu nyumbani inakuwa takataka kesho yake. Mnapasha vipi?

Upawa_Mrefu

Anza siku ileile: iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Wali uliopikwa ukiachwa kwenye joto la chumba unazalisha bakteria ambao sumu yake haiondoki kwa kupasha.

Kesho yake vua foili yote, maana kwenye maikrowevu inatoa cheche. Fungua mwisho mmoja, toa krimu, guakamole na majani ya saladi kama yapo. Hivyo havipashwi, krimu inakatika maji na parachichi linachacha. Viringisha kwenye karatasi ya jikoni yenye unyevu, maikrowevu dakika moja hadi moja na nusu kwa nusu burito, ili katikati pasibaki baridi. Kisha kikaango kikavu, moto wa chini kidogo ya wastani, upande wa mkunjo uanze chini ili ujifunge, dakika mbili tatu kila upande. Usiweke mafuta, jibini na nyama vinatosha. Moto ukizidi, ngozi inaungua kabla ya tumbo kupata joto.

Na salsa omba kwenye kikopo pembeni. Burito ya kubeba isitiwe salsa ndani.

mtoto_wa_Magomeni

Ile yenye chipsi ndani ni ya wapi?

Sufuria_Kuu

San Diego. Carne asada, jibini, chipsi, wali hakuna. Tamu, lakini siyo ya uzi huu.

jikoni_Oakland

Swali la mwisho. Mgeni wangu ana mchana mmoja tu, anakula vyote, hapendi foleni ndefu.

Sufuria_Kuu

Ashuke 24th St Mission kabla ya saa sita mchana, au aje kwenye saa nane. Aende La Taqueria, achukue burito moja ya carnitas dorado bila krimu, nanyi mgawane. Kama foleni imeshatoka mlangoni, asisimame: El Farolito iko nyuma kidogo, hatua chache kutoka kituoni, super ya carne asada, "poco arroz", na asimamie anavyopanga. Abebe noti, si kila duka la Mission linapokea kadi. Dola 20 kwa kichwa na kinywaji cha horchata iwe bajeti yake.

Bamba_la_Moto

Na ndimu. Kama ipo mezani, akamulie kila baada ya kuuma mara mbili tatu, asimwage yote juu mwanzoni.