Naombeni mnisaidie: mwaka wa nuru, tungamo na uzito vinanichanganya

Wakuu habari zenu. Nimeanza kujisomea mambo ya anga mwenyewe, kila usiku kidogo kidogo, ila maneno ndo yananikwamisha. Mwaka wa nuru ni muda au umbali? Tungamo na uzito si kitu kimoja? Halafu wanaanga mbona wanaelea, kwani kule juu graviti, yaani mvutano, hamna? Nielewesheni taratibu, fizikia sina msingi kabisa.

fundi_lenzi: Karibu mkuu. Mwaka wa nuru ni umbali. Ni kama mtu akikwambia "pale ni mwendo wa saa moja kwa mguu", ametaja muda lakini amekupa umbali. Sasa nuru inakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, iache ikimbie mwaka mzima inakuwa imekula kama kilomita trilioni 9.5, ndo huo mwaka mmoja wa nuru. Nuru ya Jua inatufikia kwa dakika 8 na kitu, ya Proxima Centauri ambayo ndo nyota jirani kuliko zote ukitoa Jua inatumia miaka 4 na ushee.

mama_sayari: Hapo kwenye tungamo wengi tunakwama kwa sababu mtaani tunasema "uzito wangu kilo 60". Kilo ni za tungamo, yaani wingi wa maada uliyonayo mwilini. Uzito ni nguvu unayovutwa nayo, unapimwa kwa newtoni. Nenda Mwezini kilo zako 60 ziko palepale, ila uzito unashuka toka newtoni kama 600 mpaka 100 hivi maana mvutano wa kule ni sehemu moja ya sita ya huku.

fundi_lenzi: Na graviti ipo sana tu mkuu. Kituo cha Anga cha Kimataifa kiko kama kilomita 400 juu, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huku chini. Wanaelea kwa sababu wanaanguka pamoja na chombo chao, ila kinakwenda mbele kama kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo kila kikishuka Dunia nayo inakuwa imeshajikunja chini yake. Toboa chupa ya plastiki ubavuni karibu na kitako, jaza maji, acha mfuniko wazi, yakianza kuchuruzika iachie kutoka juu uangalie lile tundu: maji na chupa vinaanguka pamoja, kama wanaanga na chombo chao.

Mwenye uzi: Nimetoka kujaribu sasa hivi, maji yamekata kabisa chupa ikiwa hewani! Nimerudia mara nne. Kwa hiyo na Mwezi nao unaanguka?

mama_sayari: Ndio, muda wote.