Logi zinaleta steki bila ujumbe wa kosa: nani kawaambia `err.stack` ina kila kitu?

Wakuu, nina hasira. Mteja kabonyeza "Lipa", ukurasa umeganda. Naingia kwenye logi (kumbukumbu za programu, hii ni ya JavaScript), nakuta steki peke yake, yaani `err.stack`, orodha ya funksheni zilizokuwa zikiendeshwa kosa lilipotokea (anwani ya tovuti nimeikata):

`lipa@app.js:214:17`
`thibitisha@app.js:88:5`

Basi, hakuna kingine! Ni TypeError (thamani ya aina isiyofaa)? Mtandao ulikatika? Seva ilikataa? Ni sawa na kuelekezwa nyumba yenye msiba usiambiwe nani kafariki. Na hapo pesa ya mtu haijulikani iko wapi.

Tatizo lenyewe si geni. Chrome na Node (inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari) zinatumia injini ya V8, programu inayoendesha JavaScript, na V8 huanza `stack` kwa jina la kosa na ujumbe wake, ndipo inafuata mistari ya "at". Firefox na Safari hazina utaratibu huo. Kwao `stack` ni orodha ya funksheni na namba za mistari tu. Ujumbe unakaa kwenye `err.message`. Sasa mtu anajaribu kwenye Chrome peke yake, anauona ujumbe, anaridhika, anatoa maktaba ya logi (msimbo wa tayari wa kuandika logi) inayochapa `err.stack` tu. Wa iPhone shauri yao! Nimewaandikia wenye maktaba hiyo na mfano kamili, wamenijibu "kwetu inafanya kazi", wakafunga mjadala. Kwenu wapi? Kwenye Chrome!

Na hata huko Chrome si salama. V8 inauandika ule mstari wa juu pale kosa linapoundwa, kwa hiyo ukija kuongeza maelezo kwenye `err.message` baadaye, `stack` inabaki na maneno ya zamani. `cause` nayo (kosa lililosababisha kosa hili), iliyoingia kwenye lugha tangu ES2022, toleo la JavaScript la mwaka 2022, haimo ndani ya `stack`. Wengine wanakimbilia `JSON.stringify(err)` ili kuligeuza kosa kuwa maandishi, wanapata `{}` tupu.

Marekebisho hayafiki hata mistari kumi: chapa `err.name` na `err.message` kila mara, kisha `stack`, na kama `stack` inaanza na maneno yaleyale, yakate yasijirudie. Halafu fuata `cause` mpaka iishe. Mnashindwa nini?

Kama kuna mwenye maktaba inayofanya hivyo bila kubembelezwa, na kaipima kwenye Safari, aitaje hapa. Nahamia leo hii.