Eti samaki wangu wamekufa kwa UPWEKE!!! Yule jamaa wa matangi leo kanivua nguo mbele za watu

Sharubu za Kambale (mwanzisha uzi)
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, hata salamu sitoi.

Yule jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila mtu mji huu aliyewahi kutamani samaki wa urembo sebuleni kapita mikononi mwake na katoka analia.

Leo nimemfuata na marehemu wangu kwenye ndoo ya rangi. Duka limejaa watu. Nikamwambia kistaarabu kabisa, kaka, samaki wako hawa wamekufa wote. Akachungulia ndoo, akanyanyua kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stendi: "Hawa wamekufa kwa upweke. Ongeza kumi."

UPWEKE!

Tangi lina urefu wa sentimita 60, upana 30, kimo 30. Ndani, kwa ushauri wake yeye mwenyewe, kulikuwa na samaki wa dhahabu 20, oska wawili na yule mweusi anayelamba vioo. Upweke gani? Mle ndani ukitaka kugeuka unaomba ruhusa kwa majirani wa pande zote mbili. Kuna mmoja alishajifunza kurudi kinyumenyume.

Siku nanunua nilimuuliza vizuri tu, kaka, hili linabeba wangapi? Akalipiga kioo makofi mawili, akatega sikio kama anachagua tikiti, akasema "thelathini wanakaa bila shida". Nikamuuliza, wakikua je? Akanijibu samaki hukua kwa kipimo cha kioo chake, hazidi hapo.

Halafu leo upweke. Mbele za watu! Kuna mama alicheka mpaka akashika ukuta. Narudia ili mnielewe: mtu kawatazama maiti machoni, akasema ongeza KUMI.

Bakuli Tupu
Pole sana mkuu. Matanga yanaanuliwa lini tuje na rambirambi?

NusuMkate
Nimekaa paleee na karanga zangu.

Dagaa Mchele
Ishirini wa dhahabu, oska wawili na mlamba vioo, hiyo ni mboga ya siku tatu. Mtu unabeba kitoweo kwenye ndoo unakwenda kugombana dukani?

Sharubu za Kambale
@Dagaa Mchele wewe hujawahi kuambiwa UPWEKE mbele za watu, nyamaza.

Lita kwa Lita
Mnacheka, ila yule jamaa ataua samaki wa nchi nzima. Hata mimi aliwahi kunipigia kioo kofi.

Mkuu, tangi halipimwi kwa kofi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 1000. Lako ni lita 54. Toa changarawe, mawe na ile nafasi ya juu, unabaki na lita 45 hivi za maji kweli. Kwa samaki wadogo wembamba tunakadiria sentimita moja ya samaki kwa lita mbili, na unapima urefu atakaoufikia akikomaa, siyo alionao dukani. Kwako hapo ni guppi watano, basi. Samaki wa dhahabu akitunzwa anafika sentimita 20 na kupita, na mwili wake mnene, uchafu mwingi, kwa hiyo kipimo hicho hata hakimtoshi. Ishirini wakikomaa ni mita nne za samaki! Oska anakwenda mpaka 30 peke yake, tena huyo anameza wenzake. Mlamba vioo naye usimwone mdogo vile.

Kilichokuulia ni amonia. Samaki anaitoa kwenye matamvua na kwenye kinyesi chake, na bakteria wa kuivunja wanahitaji wiki kadhaa kuota kwenye sifongo ya filta. Wewe ulimwaga kijiji kizima siku moja. Asubuhi hukuwakuta juu wote, midomo nje?

Sharubu za Kambale
Midomo nje! Nikadhani wananisalimia.
Lakini mkuu maelezo yote hayo na hujagusa neno UPWEKE hata mara moja. Au na wewe unamwogopa?

Mteja Mwaminifu
Mimi napita tu, lakini jamaa ni mtaalamu wa miaka mingi na bei zake nzuri. Samaki wengine wanapenda kundi, upweke upo.

NusuMkate
@Mteja Mwaminifu akaunti imefunguliwa leo 😂😂😂

Sharubu za Kambale
NI YEYE! Wakuu ni yeye huyo! Njoo na jina lako la kweli uwaambie watu habari ya kofi!

Mwana wa Matema
Mnahangaika na samaki wa dhahabu wakati Ziwa Nyasa tuna mbuna, wa bluu, wa njano, wazungu wanawafuga huko kwao kwa bei mbaya. Mbuna wao ni wagomvi, wanajazwa kwa makusudi ili ugomvi ugawanyike, mmoja asiuawe peke yake. Labda jamaa alichanganya mafaili.

Lita kwa Lita
@Mwana wa Matema usimpe silaha. Hao wanajazwa kwenye tangi kubwa, lenye filta ya nguvu na maji yanabadilishwa kila wiki. Hewa inaingilia juu, kwenye uso wa maji, na maji ya joto la huku kwetu yanashika hewa kidogo. Umeme ukikatika usiku, pampu imelala, tangi lililojaa halifiki asubuhi.

Shangazi wa Bondeni
Wanangu, huyo wa samaki ana nafuu. Yule mama wa vifaranga mnamjua? Kaniuzia hamsini, kaapa wote mitetea, eti anawajua kwa kuwashika miguu. Sasa hivi alfajiri mtaa mzima tunaamshwa na majogoo yangu. Mwenye nyumba kanipa notisi.

Bakuli Tupu
Shangazi 😂😂 anawajua kwa miguu!! Mimi aliniuzia mitetea sita, yai nimeliona kwa jirani tu.

Dagaa Mchele
Huyo mama ana undugu na yule fundi aliyenipimia kabati kwa hatua zake, halikupita mlangoni.

Sharubu za Kambale
Jamani turudi kwenye mada. Ongeza KUMI. Mnasikia uchungu wangu lakini?

NusuMkate
Shangazi, hayo majogoo yamefika kilo ngapi?

Shangazi wa Bondeni
Mbili na kitu, mwanangu. Yanakula usiku na mchana, pumba zimenimaliza.

Mwana wa Matema
Unauzaje? Nina shughuli ya kipaimara mwisho wa mwezi.

Mteja Mwaminifu
Na mimi nichukue mawili.

Shangazi wa Bondeni
Njooni PM, ila kila mtu aje na tenga lake. Kwenye tenga moja usizidishe sita, yatakufa njiani.