Siku nne Ufaransa na baiskeli ya changarawe: Morvan, mfereji wa Bourgogne au Périgord?

Sikonge_Boy
Wakuu, habari za jioni. Nina siku nne za likizo nataka nizimalizie mashambani Ufaransa, barabara za vumbi na vilima vya kupanda na kushuka, mizigo kidogo, kulala vijijini. Nimebaki na sehemu tatu: Morvan (vilima na misitu ya Bourgogne), njia ya kando ya mfereji wa Canal de Bourgogne, au Périgord kule kusini-magharibi. Tiketi lazima nikate kabla ya Ijumaa, bei inapanda kila nikifungua simu. Waliowahi kupita huko wanisaidie. Asanteni.

TairiPana
Mkuu, umeuliza bei ya ng'ombe bila kusema ni ndama au fahali. Unaenda lini? Unatokea wapi? Tairi zina upana gani?

Mama Pedeli
Na kwa siku unaendesha kilomita ngapi? Usituambie za ndotoni, tuambie za Jumamosi iliyopita.

Sikonge_Boy
Samahani wakuu. Naishi Lille, kaskazini ya Ufaransa. Ni mwisho wa mwezi wa kumi, narudi tarehe 2 Novemba. Tairi ni milimita 38. Jumamosi nilipiga 70, ila huku kwetu ni lami tupu na tambarare kama meza.

Fundi Cheni
Basi nenda mfereji, usibishane na mtu. Ni kilomita 242 kutoka Migennes hadi Saint-Jean-de-Losne, na malango 189 ya kupandishia na kushushia mashua, kwa hiyo hata ukipotea unahesabu malango unajua uko wapi. Unashuka treni Laroche-Migennes, mfereji uko pale pale. Halafu reli inafuatana nawe: Tonnerre, Montbard, mpaka Dijon. Mvua ikikuzidi unapanda treni, unakula supu. Pale Pouilly-en-Auxois mfereji unaingia chini ya kilima, zaidi ya kilomita tatu gizani, mashua tu ndizo zinapita. Wewe unapita juu, na hicho ndicho kilima chako cha maana safari nzima.

TairiPana
Mfereji ni wa wastaafu. Leo maji yako kushoto, kesho maji yako kulia, keshokutwa umelala usingizi juu ya usukani. Mtu ameomba vilima, wewe unampa bomba la maji!

Morvan, mkuu. Kilele chake, Haut-Folin, ni mita 901 tu, lakini usidanganywe na namba. Kule hupandi mara moja ukamaliza. Unapanda dakika kumi, unashuka mbili, unapanda tena, na ikifika jioni miguu imekuwa uji. Ardhi ni ya mawe ya itale, mvua ikikatika maji yanazama, si kama ule udongo wa mabondeni unaoganda kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Una ziwa la Settons na lile la Pannecière, ng'ombe weupe wa Charolais kila kona, na mashamba ya miti ya Krismasi iliyopangwa mistari kama mkonge wa Kilosa. Angalia tu magari ya magogo, yanaacha makorongo katikati ya njia. Hizo 38 vua, weka 45 zisizotumia tyubu, upepo punguza.

Fundi Cheni
Wastaafu hao hao ndio waliokupita pale Montbard mwaka jana, au umesahau? Ulituma picha mwenyewe.

TairiPana
Nilikuwa nakula.

Mama Pedeli
Acheni niwasimulie Périgord, maana naona hakuna anayeigusa.

Nilienda mwaka juzi, mwezi huo huo wa kumi, mimi na rafiki yangu. Ramani ilinionyesha kijani kizuri na mistari myembamba. Siku ya pili, Jumapili, tuko kaskazini ya Sarlat, njia imefunikwa majani ya mialoni, huoni kilicho chini yake. Kijiti kikaruka, kikaingia kwenye gia za nyuma. Nilisikia "ka!", nikadhani ni spoku. Kumbe ni kile kichuma kidogo kinachoshikilia gia kwenye fremu, kimekatika pande mbili. Sasa kile kichuma kila fremu ina chake, huwezi kuazima. Nikafupisha cheni ili niende na gia moja. Kila nikikanyaga kwa nguvu inaruka jino. Tukaanza kusukuma.

Kijiji cha kwanza, madirisha yote yamefungwa. Kijiji cha pili, hivyo hivyo, paka mmoja tu ukutani. Maji yameisha. Rafiki yangu akakumbuka kwamba makaburini huwa kuna bomba la kumwagilia maua, tukaingia. Kulikuwa na mzee anasugua kaburi la mkewe kwa brashi, ndoo iko pembeni. Hakushangaa hata kidogo. Alituachia bomba kwanza, ndipo akauliza tunatoka wapi. Kisha akatupakia, baiskeli mbili na sisi wawili, kwenye kigari kinachonuka mbwa na jozi mbichi, maana kule mashamba ya jozi ndiyo yamejaa.

Jumatatu duka la baiskeli limefungwa. Na duka la mikate pia! Jumanne fundi akanipa kichuma akaniapia kwamba ndicho chenyewe. Kilipinda kabla sijafika stesheni, na stesheni ilikuwa kilomita nane.

Kwa hiyo Périgord sikukatazi, ni pazuri kweli. Ila beba hicho kichuma cha akiba, cha fremu yako, kiko gramu chache tu. Na chakula cha Jumatatu kinunue Jumamosi.

Ndugu Kasapa
Ndugu zangu, mnasahau wawindaji. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari wako porini wanasaka nguruwe pori, hasa wikendi. Ukiona kibao njiani kinasema uwindaji unaendelea, geuka. Usijifanye shujaa. Vaa kizibao kinachong'aa. Nje ya mji usiku ni sheria, na msituni vaa hata mchana.

Jambo la pili: Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa inarudishwa nyuma. Baada ya hapo, saa kumi na moja na nusu jioni jua limezama. Kilomita 70 za Morvan na mizigo, uanze saa nne kwa sababu ulikuwa unasubiri mkate? Utamaliza gizani.

Na treni: kwenye TGV, zile za mwendo kasi, baiskeli unaifungua magurudumu na kuitia kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90. Ukifika Paris, TER nyingi za Bourgogne, yaani treni za mikoani, zinatokea stesheni ya Bercy, unaitundika nzima nzima. Kutoka Gare du Nord, stesheni utakayoshukia ukitoka Lille, hadi Bercy endesha tu, ni karibu.

MzeeWaKeria
Mimi nawasoma nacheka. Babu yangu alikuwa anashusha mkaa magunia mawili kwa baiskeli ya Phoenix, breki ya kiatu, njia ya mbuzi. Hakuwahi kuuliza upana wa tairi. Leo mnaiita graveli na mnauziwa kwa milioni kadhaa.

Mama Pedeli
Mzee, sisi Kenya tunazo baiskeli za Black Mamba, na bado tangu 2021 tuna mashindano ya Migration Gravel Race kule Maasai Mara, wazungu wanapanda ndege kuja kuumia. Vyote viwili vinawezekana.

MzeeWaKeria
Huyo mzungu apakie mkaa kwanza ndipo tuongee.

TairiPana
Mzee, babu alikuwa anashusha. Angekuwa anapandisha angeuliza tairi.

MzeeWaKeria
Alipandisha chumvi na sukari.

Sikonge_Boy
Wakuu, nimewasoma wote, nashukuru sana. Nilikuwa naelekea Morvan. Kuna kitu nilisahau kusema, naenda na mama watoto. Yeye anatumia ile baiskeli yake ya mjini, ya kikapu mbele.

TairiPana
…

Fundi Cheni
Mfereji. Nilisema mapema kabisa. MFEREJI.

Mama Pedeli
Gia ngapi hiyo ya kikapu?

Sikonge_Boy
Tatu. Moja haiingii.

TairiPana
Mkodishie ya umeme, Morvan bado inawezekana. Itakuwa yeye anakusubiri juu ya kila kilima, shauri yako.

Ndugu Kasapa
Betri na chaja kwenye mizigo midogo? Na tarehe 1 Novemba ni sikukuu, watu wote wako makaburini na maua yao, maduka mengi yamefungwa. Huyo mama ameulizwa?

Sikonge_Boy
Nimempa simu asome uzi wote. Mambo ya tairi ameruka. Anauliza yule mzee wa makaburini mlimlipa nini.

Mama Pedeli
Alikataa pesa katakata. Na wakati tunashuka akatupa jozi, kilo mbili nzima, hazijavunjwa. Shikamoo yangu ilibidi niiseme kwa Kifaransa.

MzeeWaKeria
Kilo mbili mlizipakia kwenye keria au mgongoni?