Tupeane uzoefu: nini kilikufanya ununue ardhi au nyumba Nairobi badala ya kwenu?

MWANA WA MAJENGO
Wadau, salaam. Mimi ni mtu wa Mombasa, Majengo. Nilikuja huku bara 2015 kwa mkataba wa miezi 6 na mpaka leo sijatoka. Nimepanga Donholm, vyumba viwili, watoto wawili, na kila tarehe 5 namtumia kodi mtu ambaye sijawahi kumwona uso. Mke wangu ameleta maneno ya ploti Kitengela. Mama naye kila akipiga simu ni lile lile: "Mwanangu, huko baridini utarudi lini?"

Kinachonivuta si kile watu wanachodhani. Kwetu, nyumba ya babu ni yetu lakini ardhi iliyo chini yake si yetu. Watu wa Pwani mnaijua hiyo, nyumba bila ardhi. Unajenga juu ya kiwanja cha mtu, unamlipa kodi ya kiwanja, na ukitaka kuongeza chumba unaenda kumbembeleza. Babu alikufa akaacha mkoba wa risiti. Sasa mtu akiniambia kwamba akiba yangu ya sacco inaweza kunipa taito, yaani hati ya kumiliki ardhi, yenye jina langu, hata kama ni kule kwenye mbuga ya upepo, moyo unaruka. Halafu naogopa, maana visa vya ploti za huku pia nimevisikia.

Basi mliotoka kwengine mkanunua huku: nini kilikuvuta, na umejuta? Visa vyenu wenyewe tafadhali, si vya shemeji wa jirani. Madalali mkae kando, namba zenu tunaziona kwenye kila nguzo ya stima.

MZEE WA BURU
Kijana, mimi niliteremka kwenye basi la Kakamega 1974, nikalala sakafuni kwa binamu yangu Kaloleni. Mwaka wa 1979 nikachukua nyumba Buruburu kwa mkopo. Wenzangu ofisini walinicheka. Wakati huo mwanamume wa maana alijenga nyumbani. Nairobi ilikuwa mahali pa kulala mpaka Krismasi. Baba yangu alikuja kuiona, akagonga ukuta na jirani naye akagonga kutoka upande wa pili. Akaniuliza, "Umenunua nyumba au nusu ya nyumba?"

Nikwambie kilichonivuta. Mji huu hauna mwenyeji. Reli ilifika 1899 ikapiga kambi penye kinamasi, Wamaasai wakipaita mahali pa maji baridi, na tangu hapo kila aliyekuja amekuja kutoka kwengine. Kijijini ukinunua shamba miongoni mwa watu wa ukoo mwingine, hata wajukuu wako wataitwa wageni. Buruburu hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani. (Isipokuwa mwaka wa kura. Hilo tuliache.)

Sijajuta. Ila nina watoto wanne na hakuna anayejua kukamua ng'ombe.

MAKANGA MSTAAFU
Mimi Rongai, laini ya matatu ya 125 miaka kumi na moja, nikining'inia mlangoni. Wasee wa tao wanatuita diaspora, ati ukija Rongai beba pasipoti. Wacheke tu. Nilinunua kijiploti huku juu ya kitu kimoja: stendi ya mwisho ndiyo hii. Gari likilala, nami nalala. Wengine wote wanaamka saa kumi usiku kuwahi kazi, saa kumi na mbili magari yamekwama, mtu analala akiwa amesimama. Kwa hivyo swali la kujiuliza, bro, si bei ya ploti. Ni saa ngapi za maisha yako utawapa matatu.

DADA WA JOSKA
Nitaandika kirefu, mnisamehe. Wengine wanaandika wakiwa wameshapona.

Mimi ni mwalimu, kwetu ni Kitui. 2012 tulikuwa chama cha wanawake 14, tukasikia kampuni moja ya kununua ardhi inauza hisa upande wa mashariki wa mji. Unanunua hisa, unapewa cheti chenye muhuri mwekundu mzuri, unaonyeshwa ploti yako na vigingi vyake. Nilitoa 280,000. Nikapanda miti ya mpaka. Kila likizo naenda kuimwagilia, navua viatu, nakanyaga udongo wangu.

2014 nikafika nikakuta msingi umechimbwa. Miti yangu imekatwa, imepangwa pembeni vizuri kama kuni. Mtu mzima na heshima zake akatoka na cheti chake, muhuri ule ule mwekundu, namba ile ile ya ploti. Tulisimama tukitazamana, hakuna mwizi pale, wote wawili tumeibiwa. Mkewe alikuwa na mtoto mgongoni. Nilikosa hata nguvu ya kugombana. Nilirudi nyumbani na ile miti miwili iliyosalia kwenye gunia.

Kwa hivyo sikiliza, kaka wa Majengo. Hisa si taito. Barua ya mgao si taito. Picha ya taito kwenye simu si taito. Mara ya pili, 2017, nilifunga safari mwenyewe mpaka ofisi ya ardhi Machakos, nikafanya upekuzi kwa namba ya ploti, nikaona jina la muuzaji na kwamba hakuna benki iliyoishikilia. Nikaajiri mpimaji wangu, si wa muuzaji, akavitafuta vigingi akiwa na ramani. Halafu nikafanya jambo ambalo wakili hakuniambia: nikaketi kwa mama muuza chai jirani na ile ploti, nikanywa vikombe vitatu, nikamuuliza ni ya nani. Mama muuza chai alimtaja mtu yule yule wa kwenye upekuzi. Hapo ndipo nilipoamini.

Kwa kuwa ni ardhi ya shamba tulipitia bodi ya ardhi kupata idhini, muuzaji akaja na mkewe, maana mke naye lazima akubali. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani na 4 ya mijini, na hiyo ni juu yako mnunuzi, kwa hivyo usimalize pesa zote kwenye bei. Siku hizi kwa ploti za Nairobi kuna Ardhisasa, ilizinduliwa 2021, unafanya upekuzi kwa mtandao. Lakini nenda pia kwenye chai.

MWANA WA MAJENGO
Dada, pole sana. Hiyo ya miti kupangwa kama kuni imenikaa.

MPANGISHAJI WA JUJA
Mimi kifupi. Nilinunua Juja 2009, watu wakasema nimeenda kuishi na sisali. 2012 barabara ya Thika ikaisha, njia nane, na wanafunzi wa vyuo wanahitaji vyumba. Nikajenga vya kupangisha. Miaka ya kwanza vilijaa kabla ya kupakwa rangi. Sasa kila mtu amejenga, na vyangu vitatu viko wazi tangu Januari. Anayekuambia ardhi ya Nairobi haishuki anauza.

NIMERUDI KISUMU
Mimi niliuza nikarudi. Miaka 14. Hapa natembea kwenda kazini na samaki ni wa leo. Endeleeni.

BADO NAPANGA
Na sisi ambao hata ploti hatuifikii? Nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi ya nyumba za bei nafuu, nimejiandikisha kwenye tovuti yake ya Boma Yangu, ninapita Ngara naangalia ghorofa za mpango huo za Park Road nikihesabu madirisha. Nimekuja Nairobi kwa sababu Marsabit hakuna kazi niliyosomea. Ndiyo sababu yangu yote, sina nyingine. Wengi wetu hatukuvutwa, tulisukumwa.

MAMA KITENGELA
Nimengoja watu wamalize. Mwana wa Majengo, hapo unapopataka ndipo ninapoishi tangu 2016, kwa hivyo nitakwambia bila kukuuzia.

Kwanza udongo. Ni ule mweusi, kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, mvua ikinyesha unafura na kushika kiatu ukaenda bila hicho kiatu. Huweki msingi juu yake. Tulichimba futi 6 mpaka tukafika kwenye mwamba, tukajaza mawe, na pesa nilizopanga za kuezekea zikaishia chini ya ardhi ambako hakuna mgeni atakayeziona. Jirani yangu hakuchimba. Nyumba yake ina ufa unaopitisha mwanga.

Pili maji. Ya visima hapa ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, na yana madini yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Ya kunywa tunanunua kwa lori. Tatu mvua: Aprili 2024 mto Athi ulipofurika, walionunua bondeni wakati wa jua walijua kwa nini ploti zao zilikuwa rahisi. Njoo uone ploti mwezi wa nne, si wa pili.

Njia ipo. Ile barabara ya juu ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ilifunguliwa 2022. Siku yenye pesa unapaa, siku isiyo na pesa unabaki chini ukihesabu nguzo zake.

Sasa uniulize kwa nini sihami. Nilikulia chumba kimoja Eastlands, watu saba na pazia. Hapa asubuhi nafungua mlango naona mbali mpaka macho yanachoka. Watoto wangu wanajua kutofautisha nyayo za fisi na za mbwa. Mbuga ya wanyama iko hapo tu, na kuna usiku mbwa wote wa mtaa wananyamaza kwa pamoja, basi tunajua simba amevuka. Hatutoki. Hiyo siwezi kuiweka kwenye hesabu ya wakili.

MWANA WA MAJENGO
Nimesoma yote, na mke wangu amesoma akicheka sana pale pa kiatu. Tumekubaliana hivi: Jumamosi tunakwenda na fundi na jembe tuchimbe shimo moja la majaribio kabla ya kutoa hata shilingi. Ofisi ya ardhi nitakwenda Jumatatu mwenyewe.

Mama nimempigia. Nimemweleza kwamba treni inamshusha Syokimau na kutoka pale si mbali. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kitu kimoja tu: adhana inasikika?

MAMA KITENGELA
Inasikika, upepo ukitoka upande wa mjini. Njooni mapema, kabla ya saa nne. Kivuli huku ni cha kuja nacho.