Yule fundi wa bodi mnayemjua, leo kanivua nguo mbele za watu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka na kucha zimejaa kutu, kwa hiyo herufi zikipishana mnisamehe. Simtaji. Sina haja ya kumtaja. Ni yule fundi wa bodi mwenye ovaroli iliyowahi kuwa ya bluu, wa "njoo kesho jioni litakuwa tayari". Ndiyo. Huyo huyo uliyemfikiria.

Gari langu ni la zamani, sifichi, lina umri wa kuamkiwa shikamoo. Nilimpelekea kwa sababu rangi ilitoa malengelenge chini ya mlango wa nyuma, kwenye kizingiti, kieneo cha kufunikwa na kidole gumba. Akapapasa, akasema: "Hii kutu ya juu tu, bosi. Nakwangua, napiga praima, narudisha rangi, hutajua hata ilikuwa wapi." Na kweli, siku ya kulichukua sikujua ilikuwa wapi. Bati limenyooka, rangi imekaa. Nikamshukuru mpaka akaona aibu.

Leo nimepata pancha. Nikaweka jeki palepale waliotengeneza gari walipoweka alama ya jeki. Nikazungusha. Jeki ikapanda. Gari halikupanda. Nikasikia bati linakunjika, ukamwagika unga mwekundu na mapande ya puti, ile lipu ya kusawazishia bodi, na jeki ikawa imeingia ndani ya kizingiti bila hodi. Nikamulika tochi kwenye tundu. Ndani kuna gazeti.

GAZETI, wakuu.

Limekunjwa, limeshindiliwa, juu yake puti nene kuliko bati lenyewe, juu ya puti rangi inang'aa. Limeloa chepechepe. Nimelitoa kipande kwa kipande, na kipande kimoja kilikuwa cha michezo: msimamo wa ligi, wino bado upo, timu yangu ya pili kutoka mkiani. Yaani hata ndani ya kizingiti nimetukanwa.

Sasa sikilizeni hapa. Nimeinulia kwenye ekseli, nimefunga spea, nimekwenda kwake na gazeti mkononi. Wateja wamejaa. Hakuniuliza kitu. Akainama, akachukua bisibisi, akaisukuma pembeni ya lile tundu, pale palipokuwa bado "pazima". Ikazama hadi kwenye mpini. Akaichomoa, akajifuta mikono taratibu, akasema kwa sauti ya kuhutubia:

"Bosi, gari lako halina kutu. Kutu ndiyo ina gari."

Watu wakaanguka! Kuna mmoja alikuwa chini ya gari lingine anafungua eksozi, akajivuta kutoka nje ili acheke akiwa amesimama vizuri. Mtu uliyeniwekea gazeti badala ya bati, UNANICHEKESHEA watu kwa gari langu mwenyewe?

Mimi si fundi, ila hata mimi najua rangi ya kizingiti ikitoa malengelenge, mara nyingi kutu imetokea ndani. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana inasukuma rangi. Ukiiona nje, ndani kumeshaliwa. Halafu yeye anashindilia karatasi inayokunywa maji! "Kutu ndiyo ina gari." Kwa sauti. Na bisibisi bado ameishika.

Nimechoka.

Bisibisi Butu: Nimesoma mpaka "kutu ndiyo ina gari" nikaweka simu chini. Mkuu pole, lakini huyo fundi apewe kipaza sauti.

Mama Klachi: Namjua!! Ana kawaida ya kugonga bati kwa ngumi halafu anasema "chuma cha zamani hiki, hakiozi". Kwangu alisema hivyo wiki ileile mlango ulipong'oka kwenye bawaba.

Shokapu Moja (mwenye uzi): Ndiye huyo dada! Ngumi ile ile! Na leo hakugonga ngumi, alichukua bisibisi. Mbele za watu.

Mzee wa Grinda: Vijana, nimechomelea bodi maisha yangu yote, niseme kidogo kabla hamjaharibu uzi. Kizingiti ni boksi lenye uwazi ndani. Maji yanaingia kutoka kwenye raba za vioo, kwenye milango, hata chini ya zulia, na yanatakiwa kutokea kwenye vitundu vilivyo chini kabisa. Vitundu vikizibwa na tope, boksi linakuwa bwawa, linaoza taratibu huku nje kukipendeza. Milango nayo ni hivyohivyo: pitisha kidole ukingo wa chini kwa ndani, utajua. Na pale juu ya tairi la nyuma bati linapokunjwa kwa ndani, tope likikaa pale halikauki.

Dawa yake si puti. Unakata mpaka ukutane na chuma cheupe, hata kama tundu la kidole linageuka la mkono mzima. Unatoa zulia na viti, unachomoa betri, unahakikisha bomba la mafuta halipiti hapo, ndipo unachomelea bati jipya la unene uleule. Mengi ya bati za bodi ni chini ya milimita moja, kwa hiyo anayechoma mstari mrefu mfululizo anakunja bodi nzima. Chomelea nukta nukta, hama upande huu nenda ule. Praima ya zinki, ziba maungio, rangi. Mwisho kabisa unapuliza nta ya majimaji ndani ya boksi kupitia vile vitundu. Nta ikitangulia, moto wa kuchomelea utaiunguza na gari nalo linaweza kuwaka. Zile dawa za kugeuza kutu iwe nyeusi ni za kutu ya juu tu. Haziwezi kurudisha bati lililokwisha liwa.

Nati Legevu: Mzee Grinda shikamoo. Swali kwa mwenye uzi: hilo gazeti ni la tarehe ngapi?

Shokapu Moja: Kwa nini?

Nati Legevu: Kwa sababu kama ni la kabla hujampelekea gari, basi aliyeshindilia ni fundi wa mwenye gari wa kwanza, na huyu wako alipaka rangi juu ya gazeti la mwenzake.

Shokapu Moja: Kona ya tarehe imeloa.

Nati Legevu: Msimamo wa ligi umesomeka lakini tarehe imeloa.

Bisibisi Butu: HAHAHAHA. Timu yako imekuwa ya pili kutoka mkiani mara ngapi? Tutapata mwaka hapo hapo.

Shokapu Moja: Wakuu mada si tarehe! Mada ni kwamba alijua, akacheka, akasema ile kauli. Angekuwa hajui asingepeleka bisibisi moja kwa moja kwenye sehemu mbovu!

Ekseli: Si ndipo tundu lilipokuwa? Ulitaka aipeleke kwenye boneti?

Raba ya Kioo: Mkuu mbona ulinunua bila sumaku? Sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa laini isikwaruze rangi, pitisha kwenye vizingiti na chini ya milango. Penye puti nene haishiki, inaanguka yenyewe. Wenye uwezo wana kipimo cha unene wa rangi: rangi ya kiwandani huwa kwenye mikroni 100 hadi 150 hivi, ukiona inasoma 1,000, yaani milimita nzima, na kuendelea jua unapima puti. Kama huna chochote, gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia, bovu linaguna.

Shokapu Moja: Ndugu sijauliza namna ya kununua gari. Nimeuliza kama ni haki mtu kusema maneno yale mbele za wateja.

Bisibisi Butu: Hukuuliza chochote mkuu, ulipiga kelele tu.

Mama Klachi: Basi mimi nina kubwa kuliko hilo. Nilinunua gari, chini limepakwa ile lami nyeusi, safi, mpya, nikafurahi nikasema mwenyewe alikuwa analitunza. Nikafuta kidogo kwa kijiti nione. Kijiti kikatokea ndani, nikakiona pembeni ya pedeli ya klachi. Lami ikipakwa juu ya kutu inafungia unyevu humo humo na kutu inaendelea kula bila kuonekana. Sasa ukiona gari la zamani lakini chini jeusi tii, unakimbia.

Ekseli: Hapo ndipo jina lilipotoka?

Mama Klachi: Hapo hapo.

Pancha Ndogo: Nyie mnalia na mafundi, shida inaanzia kiwandani. Mwaka 2008 Toyota Marekani waliongeza dhamana ya kutu ya fremu, yaani chasi, za pikapu za Tacoma za 1995 hadi 2000 ikawa miaka 15, na zilizooza sana wakazinunua kwa wenyewe. Fremu, siyo kizingiti! Kama kampuni kubwa inaoza, wewe na gazeti lako ni nani?

Ekseli: Ndiyo maana nasema kila siku humu, nunua la bati lililopakwa zinki. Porsche 911 wameanza katikati ya miaka ya 1970. Audi 100 bodi nzima tangu miaka ya 1980. DeLorean wakaweka kabisa chuma kisichoshika kutu.

Pancha Ndogo: Paneli za nje tu hizo. Fremu ya DeLorean ni chuma cha kawaida kilichopakwa epoksi, na inaoza vizuri tu. Usituletee gari la sinema hapa.

Mzee wa Grinda: Na zinki nayo inaliwa. Inatangulia kuliwa yenyewe ili chuma kipone, ikiisha ni zamu ya chuma. Ukikata au ukichomelea pale umeiondoa.

Ekseli: Mzee nakuheshimu, ila la kwangu lina zinki na halijawahi kuona malengelenge.

Nati Legevu: Umewahi kuinua zulia?

Ekseli: Niinue la nini?

Nati Legevu: Sawa.

Shokapu Moja: Wakuu tafadhali turudi kwenye mada. Nataka kujua nimfanyeje huyu mtu. Bado nasikia ile sauti. "Kutu ndiyo ina gari." Kuna mteja alikuwa anaandika kwenye simu, nadhani keshaitumia kwenye kundi la familia yake.

Raba ya Kioo: Ni mimi nilikuwa pale mkuu. Nimetuma kwenye makundi matatu. Samahani.

Mama Klachi: Kuliko huyo wa bodi, bora tuongelee fundi rangi. Nilipeleka gari jeupe, limerudi na weupe wa aina mbili. Mlango wa dereva una weupe wa maziwa, madigadi weupe wa meno ya mzee. Nikalalamika, akaniambia nipaki kwenye kivuli.

Pancha Ndogo: Hajakosea, kivulini vyote vinafanana.

Bisibisi Butu: Na wale wa kushona viti je? Wangu kashona kava la kiti cha mbele, kasahau tundu la mkanda. Nikafungie mkanda wapi, kwenye jirani?

Ekseli: Nimeinua zulia.

Nati Legevu: Na?

Ekseli: Mzee wa Grinda, upo inbox?