Mrejesho: ile hita iliyokuwa inaangusha breka

Wakuu, ile hita yangu niliyosema nikiwasha dakika mbili tu breka inajishusha nyumba nzima giza, imepona. Nilikuwa nabisha eti mzigo umezidi, kumbe wati 2000 kwa volti 230 ni kama ampia 9 tu. Aliyesema umeme unavuja kwenda ethi (ule waya wa usalama unaokwenda ardhini) ndo alipatia. Fundi kachomoa plagi, kapima kwa mita kati ya pini ya layini (inayoleta umeme) na ya ethi, ikasoma wakati haikutakiwa kusoma kitu, kufungua tukakuta elementi (ile koili inayotoa joto) ina ufa mwembamba kama unywele, unyevu umeingia, na ile breka ya kuzuia umeme unaovuja inakata kwenye mvujo wa miliampia 30 tu. Tumeweka elementi mpya, jana imewaka masaa matatu kimya. Na mlionigombeza nilipotaka kukata waya wa ethi, asanteni jamani.